Papa wa Kiingereza si papa wa Malindi

Mgeni anashuka pwani ya Nungwi, anavaa miwani ya kuzamia, anamwuliza nahodha kwa Kiingereza kama maji haya yana "shark". Nahodha anaitafsiri kichwani, anapata "papa", na jibu linamtoka bila ya kufikiri: wapo, lakini uwahi asubuhi, na siku hizi bei imepanda. Mmoja ameuliza juu ya kuliwa, mwengine amejibu juu ya kula. Kamusi haikumdanganya mtu, maana "shark" ni papa kweli. Kilichopishana ni yale yanayoandamana na neno, na hayo kamusi za lugha mbili hazina nafasi ya kuyaeleza.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi neno likitoka baharini na kupandishiwa mtu. Kiingereza kikimwita mtu "shark" kinapima tabia yake. Kiswahili kikimwita mtu papa kinapima ukubwa wake. Anayetafsiri, anayetembeza wageni au anayesomesha Kiingereza skuli akiikosa tofauti hiyo, ataandika sentensi zilizo sawa kwa sarufi na zilizopotoka kwa maana.

Samaki mwenyewe

Unguja na Pemba, watu wengi wanamjua papa akiwa mkavu kuliko akiwa hai. Sababu iko ndani ya nyama yake. Papa huweka urea nyingi kwenye damu na misuli ili bahari yenye chumvi isimnyonye maji ya mwilini. Akishakufa, bakteria huigeuza urea ile kuwa amonia, na ndiyo maana papa aliyekaa juani bila ya kutiwa chumvi hutoa harufu inayochoma pua, tofauti na shombo la samaki wengine. Kwa hiyo hupasuliwa mapema, hutiwa chumvi na kuanikwa. Kabla ya kupikwa huroweshwa usiku kucha, maji yakabadilishwa mara 2 au 3, khalafu huchemshwa kidogo ili ngozi ikwanguke. Ngozi hiyo imejaa vijimeno vidogo sana vinavyokwaruza kama msasa, na mpishi mvivu akiiacha, mlaji atadhani mchuzi umeingia mchanga. Ikishatoka ndipo papa anapoingia kwenye tui.

Majahazi ya msimu wa kaskazi yalileta shehena za papa na nguru wakavu kutoka Uarabuni na pwani ya Somalia, na majina hayo mawili yakazoeana hata leo hutajwa pamoja kama chumvi na pilipili. Ini nalo lilikuwa na kazi. Mafuta yake huitwa sifa, na yalipakwa kwenye mbao za vyombo ili jua na maji visizile. Mwanafunzi anayekutana na "jahazi limepakwa sifa" akaelewa kwamba limesifiwa hana kosa kubwa. Hajapata kuinusa tu.

Mzanzibari akisikia papa, basi, kinachotangulia kichwani ni chungu, harufu na bei. Hofu ipo, ila iko nyuma ya mlango.

Hata mipaka ya jina haikutani sawasawa baina ya lugha hizi mbili. Papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili, kitaalamu ni jamaa wa taa, si papa. Waingereza walimwona na msumeno, sisi tukamwona na upanga, kwa hiyo jina lake kwao ni "sawfish". Anayetafsiri upanga kwa upanga ataandika "swordfish", na huyo ni samaki mwengine kabisa, anayeuzwa mahotelini bila ya shida. Kosa hilo ni zito kuliko linavyoonekana: papa upanga ni miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Menyu ikiandikwa vibaya inaweza kumtia mwenye mkahawa maelezoni.

Upande wa pili yuko potwe. Kwa Kiingereza ni "whale shark", yaani papa aliye mkubwa mithili ya nyangumi, na anaweza kupita mita 10. Huyu huja karibu na kisiwa cha Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi, huchuja vijidudu vya baharini kwa mdomo ulio wazi na hana haja na mtu. Jina lake la Kiswahili limesimama peke yake, halina papa ndani. Mtembezaji akimwahidi mgeni "shark" bila ya kumalizia jina, mgeni atapanda boti akiwa na picha ya meno. Na yule anayeitwa "nurse shark" hana uhusiano wowote na muuguzi. Wachunguzi wa maneno huona kwamba jina hilo lilitokana na neno la zamani la samaki wa jamii hiyo, likaharibika masikioni mwa watu mpaka likafanana na la muuguzi.

Nani alianza, samaki au tapeli?

Kwa kawaida tunafikiri mnyama hutangulia, na mtu huja baadaye kuazimwa jina. Simba alikuwa simba kabla ya shujaa yeyote. Neno la Kiingereza la papa linatia shaka kanuni hiyo.

Waingereza wa zamani hawakuwa na jina moja lililotulia la papa mkubwa. Papa wadogo wa maji yao ya baridi waliwaita samaki-mbwa, na wale wakubwa wa bahari za joto wakawaita kwa jina la kuazima kutoka Kihispania, "tiburón". Mwaka 1569 papa mkubwa alioneshwa London, na karatasi iliyochapwa kumtangaza ikasema hana jina linalofahamika, isipokuwa baadhi ya watu wa nahodha Hawkins humwita "sharke". Huyo ni John Hawkins, baharia na mfanyabiashara ya watumwa, ambaye meli zake zilikuwa zikivuka Atlantiki.

Mabaharia hao walilipata wapi? Wataalamu wamegawanyika. Wako wanaoelekeza kwenye lugha ya Kimaya ya Amerika ya Kati, ambayo ina neno "xoc", linalotamkwa karibu na "shok". Wako wanaoelekeza kwenye Kijerumani, ambako "Schurke" ni laghai, mtu wa hila. Ikiwa hawa wa pili wako sawa, mambo yamegeuka: tapeli hakuitwa papa, bali papa ndiye aliyeitwa tapeli.

Lisilo na ubishi ni kwamba ilipofika karibu na mwaka 1600, "shark" wa nchi kavu alikuwa ameshazoeleka. Alikuwa mtu asiye na kazi maalumu, anayezungukazunguka mjini akila vya watu kwa maneno matamu. Kiswahili kina kitenzi kinachomkaa barabara: kudoea. Kitendo cha "to shark" kwa Kiingereza cha wakati ule kilikuwa karibu sana na kudoea chakula cha jioni. Na kitenzi cha leo "shirk", kukwepa kazi au wajibu, huhesabiwa kuwa ndugu yake, tumbo moja. Mdoeaji na mkwepaji kazi kuwa watoto wa mama mmoja, hapo Kiingereza kimefanya akili.

Shakespeare pia alilitumia kama kitenzi. Mwanzoni mwa tamthilia yake ya Hamlet inaelezwa kwamba Fortinbras kijana, mwana wa mfalme wa Norway, "shark'd up" kundi la watu wasio na sheria huku na huku mipakani mwa Norway. Hapa hapana samaki kabisa. Anayeng'ang'ania kumwingiza papa kwenye sentensi hiyo atatoka na kitu cha kuchekesha. Kiswahili kinataka kuzoa: amezoa watu ovyo, bila ya kuchagua, kama mtu anavyozoa taka.

Papa wa mikopo

Maana inayokutana na watu wengi zaidi leo ni ya fedha. "Loan shark" ni usemi ulioenea Marekani baina ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ukiwalenga waliowakopesha wafanyakazi fedha ndogo za kusogezea siku hadi mshahara, kwa riba kubwa. Tafsiri ya neno kwa neno, "papa wa mikopo", siku hizi inaonekana hapa na pale. Haifai. Msomaji wa Kiswahili atamwelewa papa wa mikopo kuwa tajiri mkubwa wa benki, pengine mtu wa kuheshimiwa, kumbe anayesemwa anaweza kuwa jirani mwenye daftari na vijana wawili wa kudai.

Lugha ya mtaani imeshalijibu swali hili bila ya kusubiri wataalamu: kausha damu. Mtu akisema "amekopa kausha damu", kila kitu kimo, riba, haraka na vitisho. Wengine husema mikopo umiza, ambayo ni laini kidogo. Chukua sentensi hii: "Don't borrow from him, he's a shark." Ukiandika "Usikope kwake, yeye ni papa", umemtisha msomaji kwa jambo asilolijua. Ukiandika "Usikope kwake, huyo kausha damu", mama wa Jang'ombe na kijana wa Chake Chake wamekuelewa kwa pamoja.

Lakini pana mtego. Uingereza, katika lugha ya maofisa, "loan shark" ni anayekopesha bila ya leseni. Kinachomtia hatiani ni kukosa idhini, hata riba yake ikiwa ndogo. Kausha damu ya kwetu, kwa upande mwengine, inapima maumivu: kampuni iliyosajiliwa na yenye stempu zote inaweza kuitwa kausha damu na watu wasione kosa. Kwa hiyo ukitafsiri hati ya mahakama au tangazo la serikali kutoka Uingereza, andika "mkopeshaji asiye na leseni" na uache damu nje. Ukitafsiri gazeti au mazungumzo, kausha damu ndiyo yenyewe. Kosa la kawaida ni kuandika "mkopeshaji wa riba kubwa" kila pahala: kwenye hati haitoshi, na kwenye mazungumzo haina chumvi.

Hapa panaonekana jambo linalopita neno moja. Kiingereza humwona mnyonyaji kama mnyama mkubwa mwenye meno, anayetoka kwenye kina na kuuma mara moja. Kiswahili humwona kama kijidudu kinachoganda na kufyonza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lugha ya siasa ilijaa wanyonyaji, mirija na kupe. Kausha damu imetoka kwenye ukoo huohuo. Picha ya papa haikuwahi kukaa upande huo.

Na Zanzibar ina kijidudu chake maalumu: papasi. Mdudu wenyewe ni jamaa wa kupe mwenye mwili laini, hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hufyonza muda mfupi na kurudi shimoni, na huweza kuacha homa inayokwenda na kurudi. Papasi wa miguu miwili ni yule kijana wa bandarini au Forodhani anayemgandia mgeni tangu anapotia mguu chini, akimtafutia hoteli asiyoiomba na ziara asiyoitaka, ili apate chake. Mwandishi wa Kiingereza akiandika kwamba bandari fulani imejaa "sharks" wanaowasubiri wasafiri, huyu ndiye anayekaribiana naye zaidi kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe. Papasi na papa hawana nasaba. Herufi nne za mwanzo zimesadifu tu. Ni vyema kusema hivyo mapema, kwa sababu kila mtu akishaziona anaanza kutunga nasaba.

Sifa iliyovaa nguo ya tusi

"Shark" si tusi siku zote. "Pool shark" ni mtu anayecheza pulu kwa ustadi, na "card shark" ni hivyo kwenye karata. Kiingereza kilikuwa na "sharp", kwa maana ya mjanja wa kamari anayeiba, na maneno hayo mawili yamefanana sauti hadi yakachanganyika: wengi husema "card shark" pale ambapo wengine husema "card sharp". Kwa hiyo sifa na shutuma zimo kwenye kopo moja, na linaloamua ni pesa. Ikiwa mtu anajifanya hajui, anapoteza michezo miwili ya mwanzo, dau likipanda anageuka moto, huyo ni tapeli. Ikiwa anashinda tu, ni fundi.

Kiswahili hakihitaji mnyama hapa. Barazani, mtu anayewachosha wenzake kwa bao ni fundi, au mkali, na kwenye mchezo wa karata wa wahedi wa sitini asemwaye kwamba "anaiba" anajulikana kosa lake. Andika fundi wa karata au mwizi wa karata baada ya kusoma aya nzima. Ukishindwa kuamua, neno "mjanja" litakuokoa, kwa sababu nalo husifu na kulaumu kwa pumzi moja. Wakili anayeitwa "shark" na mteja wake ni wakili mkali. Akiitwa hivyo na upande wa pili, ni wakili asiye na huruma.

Papa wa kwetu ni mkubwa tu

Sasa njia ya kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ambako makosa ni mengi vilevile ila hayaonekani haraka.

Mwaka 2009 magazeti ya Tanzania yalijaa maneno "mafisadi papa", na katika majibizano yaliyofuata likazuka na "fisadi nyangumi". Tazama ngazi yenyewe: chini kabisa dagaa, juu yake papa, juu zaidi nyangumi. Ni mizani ya samaki sokoni. Nyangumi hana ukatili wowote unaojulikana. Wale wanaopita maji ya Unguja kuanzia katikati ya mwaka hawana hata meno, huchuja chakula chao. Amepandishwa cheo kwa kilo zake. Lalamiko la kila siku kwamba "wanakamatwa dagaa, papa wanaachwa" linasema habari ya ukubwa na kinga, halisemi nani ana tabia mbaya zaidi. Dagaa naye ni mwizi, ila mwizi mdogo.

Kwa hiyo "mapapa wa dawa za kulevya" wakihamishiwa Kiingereza wawe "big fish". Ukiwaita "sharks", msomaji wa Kiingereza atafikiri ni wadanganyifu wa rejareja, na utakuwa umewashusha cheo bila ya kukusudia.

Sarufi inasaidia kidogo. Papa wa bahari habadiliki kwa wingi: papa wawili wamevuliwa Mkokotoni. Papa wa sitiari hupenda kuvaa "ma-": mapapa wawili wamefikishwa mahakamani. Si sheria ya chuma, ila ukiona "mapapa" gazetini, dau lako liweke kwa watu. Katika "mafisadi papa" neno limekaa baada ya nomino na kufanya kazi ya kivumishi, likaacha kiambishi chake kwa fisadi.

Kisha yuko Papa wa Vatikani, ambaye jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la baba. Upatanisho wa sarufi hautasaidia kitu, kwa sababu samaki na kiongozi wote wawili "amewasili" na wote wawili "anaonekana". Kinachowatenganisha ni herufi kubwa, na vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tupu huiondoa hata hiyo. Programu ya kutafsiri ikipewa "PAPA AONEKANA UFUKWENI" haina pa kushika. Mwandishi anayejua kwamba maneno yake yatapitishwa kwenye mashine aandike "Papa Mtakatifu" au amtaje kwa jina.

Ziko pia "papa" nyengine zisizohusiana na yeyote kati ya hao: moyo unaompapa mtu kwa woga, papa hapa tulipokaa, na yule anayekipapia chakula. Huyu wa mwisho huwatamanisha watu kusema kwamba kupapia kumetoka kwa papa mlafi. Inapendeza, lakini kupendeza si ushahidi.

Vibaki viwili

"Jump the shark" usiitafsiri kwa mruko. Mwaka 1977 kipindi kimoja cha tamthilia ya runinga Marekani kilimwonesha mhusika wake mashuhuri akivutwa majini kwa vibao vya kutelezea na kumruka papa. Watazamaji baadaye wakaufanya mruko huo kuwa alama ya mchezo ulioishiwa na mambo, unaotapatapa kutafuta macho ya watu. "Amemruka papa" kwa Kiswahili ni ushujaa, kinyume kabisa. Neno tunalo: amechuja. Msanii amechuja, tamthilia imechuja, imekwisha.

Na "sharkskin" kwenye maelezo ya suti ni kitambaa laini chenye mng'ao, kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili zinazokaribiana. Hakina papa hata chembe. Fundi cherahani akiletewa oda yenye neno hilo aulize rangi mbili ni zipi, na kama mteja anataka sufu au nailoni. Aliyewahi kumkwangua papa kabla ya kumtia kwenye tui hawezi kufikiri kwamba yuko mtu anayetaka ngozi ile imguse shingoni.